Kiti Kibovu cha Baba Mkwe

Mshenga wangu alikuwa mtu wa Mombasa aliyekaa Ladywood, Birmingham, ghorofa ya kumi na moja, na pengine ni ule urefu uliomfanya aone kila kitu kikubwa kuliko kilivyo. Nilimtuma kwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa akaseme jambo fupi tu: kwamba natokea Tanga, nashona viti vya pikipiki vya ngozi, sina mke, sinywi, na nasali. Akarudi uso umemchangamka. Akaniambia mambo yamekwenda vizuri mno, mzee amefurahi sana kusikia kwamba mimi ni mhandisi wa vyombo vya moto.

Nikamuuliza huyo mhandisi katokea wapi.

"Kwani wewe wataka nikae kwa watu, mbele ya halua na kahawa, niseme kijana wetu ashona viti?" akanijibu. "Binti ana degree, bwana. Nimesema wewe ni engineer. Mambo ya pikipiki, si uongo mkubwa."

Nilikasirika, lakini sikushangaa. Birmingham nzima, sisi tunaosema Kiswahili hatuna mtu anayefanya kazi ya mikono, ukiwasikiliza jamaa zake. Anayedeki maofisi yuko kwenye usimamizi wa majengo. Anayepanga makopo dukani ni meneja wa bidhaa. Mjomba wangu wa Handsworth aliendesha teksi miaka kumi na tano, na kwenye kila harusi alitambulishwa kama mtu wa usafirishaji, mpaka watu wakaanza kumwomba awapelekee makontena Dar es Salaam. Mama yangu mwenyewe, huko Tanga, aliwaambia majirani nina kiwanda cha ngozi. Wakawa wananitumia salamu za kuombea watoto wao kazi kiwandani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja chini ya matao ya reli, Digbeth, ambapo kila treni ikipita juu vumbi la matofali lilidondoka kwenye chai. Nilikirithi kwa Mwingereza mmoja mzee aliyenifundisha kazi kwa miaka minane, kisha magoti yakamwambia basi. Nilikuwa na cherehani moja ya kushonea ngozi nene, meza iliyojaa makovu ya visu, mafungu ya ngozi ya ng'ombe, sindano nene ya shazia, uzi wa nta, na kisu cha umeme kile ambacho Waingereza hukatia nyama ya sikukuu. Mimi nilikitumia kuchongea sponji. Hakuna kifaa kinachochonga sponji ya kiti vizuri kama hicho, na nimevijaribu vyote.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wanaume waliofika miaka hamsini wakashtuka, wakanunua mapikipiki makubwa badala ya kwenda kuzungumza na wake zao. Wa kwetu walikuwa wachache, nao walinichosha kuliko wote. Kwanza waliuliza kama ngozi ni ya ng'ombe kweli. Halafu wakauliza kama ng'ombe huyo alichinjwa kihalali. Nikishawaapia na kuwaonyesha karatasi, wakataka niwachoree fuvu la kichwa cha mtu lenye moto machoni. Katikati ya viti nilishona mikanda, pochi, mifuko ya misahafu, na mara moja ala ya ngozi ya rimoti ya televisheni, kwa mama mmoja wa Soho Road aliyechoka kuona mjukuu wake akiilamba.

Msichana mwenyewe alikuwa mfamasia. Nilimjua siku nilipojitoboa kidole gumba kwa shazia nikaingia duka la dawa nikitiririsha damu. Nilitukana kidogo kwa Kiswahili, nikidhani niko salama, naye akaniambia kwa Kiingereza nikae chini na nichunge ulimi. Alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha matusi, lakini jibu lake hutoka kwa Kiingereza. Ikawa hivyo ndivyo tulivyozungumza miezi yote iliyofuata, mimi huku na yeye kule, na tukaelewana kuliko watu wengi niliowaona wakisema lugha moja.

Sisi wawili tulikuwa tumekwisha kubaliana. Aliyebaki ni baba yake, na hapo msichana hakunificha: mama yake alikuwa amefariki, mzee alimlea peke yake, na asingeolewa bila radhi yake hata kama angenipenda mara mbili ya alivyonipenda. Mzee akikataa, basi. Sikuwa na mpango wa pili. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nalala kwenye chumba cha kupanga Bordesley Green, na nilikuwa namtaka mwanamke huyo tu.

Sasa huyo mzee. Alikuwa Mzanzibari, mrefu, mkavu, aliyeendesha mabasi ya mji huu zaidi ya miaka ishirini. Alipostaafu akaanza kusomesha watoto Kurani nyumba kwa nyumba, na alikwenda kwa pikipiki ndogo, kofia yake ya kiua imo mfukoni na ile ya plastiki iko kichwani. Leo Handsworth, kesho Ladywood, keshokutwa mitaa ya nyuma ya hospitali. Sifa zake zilimtangulia. Watu walisema mzee yule hajali dunia. Ukimkaribisha kwenye sofa yako mpya ya ngozi, anakataa. Anasomesha saa nzima amesimama, mkono nyuma, na watoto wanaogopa hata kupiga chafya. Kwenye taa za barabarani hakukaa kwenye pikipiki kama watu wengine, alisimama wima, miguu chini. Imamu mmoja alipata kumtaja kwenye mawaidha, bila kumtaja jina, kama mfano wa mtu aliyeishinda nafsi yake. Akina mama wakamnyima hata mto.

Basi mshenga aliposema mhandisi wa vyombo vya moto, mzee akasema vyema, pikipiki yake asubuhi nyingine haiwaki, atakuja mwenyewe kwa kijana aitazame. Mshenga alilisahau hilo alipokuwa akinisimulia ushindi wake. Nililijua siku ya tatu, nilipoinua uso kwenye ngozi niliyokuwa naikata nikamwona mzee mlangoni, anavua helmeti.

Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Kisha akaangalia mafungu ya ngozi, mikanda inayoning'inia, viti vitatu visivyo na pikipiki, na kisu cha kukatia nyama. Alikuwa hana haraka. Aliangalia mpaka nikatamani treni ipite.

Ningeweza kubabaisha. Ningeweza kupiga kick mara mbili, nikasema plagi imechafuka, maana plagi daima imechafuka. Lakini nilikuwa bado na hasira na mshenga, na hasira hiyo ndiyo iliyoniokoa.

"Mzee, mimi si mhandisi," nikasema. "Nashona viti."

"Naona," akasema.

Akavaa helmeti yake akarudi nje, nami nikamfuata kwa adabu, nikijua kwamba ndiyo nimekwisha. Ndipo nikamwona akipanda. Alishusha mwili polepole, akiwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto, na alipogusa kiti akajisogeza upande wa kulia, akasimamisha pumzi. Mtu mwingine angeona uzee. Mimi niliangalia kiti.

Yule Mwingereza alinifundisha kusoma viti kabla hajaniruhusu kushika sindano. Aliniambia mteja atakudanganya kuhusu uzito wake, mwendo anaokwenda na nani anayempakia nyuma, lakini sponji haina sababu ya kukudanganya. Kiti cha mzee kilikuwa kimezamishwa upande wa kulia peke yake, mpaka chini. Upande wa kushoto ulikuwa mpya. Katikati, pale ambapo kila mtu hukalia, hapakuwa na hata mkunjo. Ukingo wa mbele ulikuwa umepondeka kwa mtu anayening'inia pale badala ya kukaa. Na juu ya yote hayo tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka, ya mtu aliyejaribu mwenyewe kuongeza ulaini usiku na mchana bila kumwambia yeyote. Viti vya namna hiyo nilikwisha viona, vingi, na karibu vyote vilikuwa vya madereva wa mabasi na malori.

Ilikuwa bawasiri, na si ya jana.

Nilisimama pale kwenye kichochoro, na ile sifa yote ikabomoka mbele yangu, tofali baada ya tofali. Zuhudi, nidhamu, sofa zilizokataliwa, mawaidha ya imamu. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye mitaa anakosomesha kuna matuta ya barabarani yasiyohesabika, na kwamba mzee huyu anayapita kila siku amenyamaza, na kwenye zahanati ya mtaa wao dada wa mapokezi ni mama wa wanafunzi wake wawili. Kicheko kikanikauka.

"Mzee," nikasema, "kiti chako kimechakaa. Niachie nikutengenezee. Habari ya posa iweke kando, hii haihusiani nayo."

Akasema kiti hakina taabu yoyote. Nikasema sawa. Akakaa pale, injini inanguruma, anaitazama barabara ya kwao. Ikapita treni nzima. Halafu akazima.

Hapo ndipo nilipogundua nilichojitakia. Kiti cha kupimwa kinahitaji mtu akae. Unamwekea udongo laini wa mfinyanzi juu ya kitako cha plastiki, anapanda, na fundi unachuchumaa nyuma yake kwa muda mrefu ukitazama uzito unavyoanguka. Kwa Waingereza haina neno, wanakupigia na hadithi. Lakini huyu alikuwa baba mkwe wangu, Mungu akipenda, na mimi nimelelewa Tanga, ambako mkwe ukimwona njiani unampisha na kuinamisha macho. Hakuna mtu aliyenifundisha adabu ya kuchuchumaa nyuma ya mkwe na kumkodolea macho pale.

Udongo nao ungemchafua kanzu. Nikatafuta, nikaona mfuko wa mchele, kilo kumi, niliokuwa nimeununua asubuhi ile Soho Road. Nikaumimina ndani ya foronya safi, nikaisukuma pikipiki ndani, nikaitandaza foronya juu ya kitako cha kiti, nikamwambia mzee akae kama anavyokaa safarini, wala asijipange, nami nakwenda kununua maziwa ya chai. Maziwa yalikuwapo. Nikafunga mlango kwa nje, nikasimama kwenye baridi dakika kumi nikitazama mabasi yanavyopita, nikijiona mjinga mkubwa.

Niliporudi mzee alikuwa amesimama kwenye kona, mkono nyuma, anasoma kalenda ya mwaka juzi. Na mchele ulikuwa umeshika kila kitu. Tulikunywa chai. Hatukuzungumza juu ya viti, wala juu ya binti yake. Tulizungumza juu ya bei ya mchele, ambayo alisema imezidi.

Kile kiti nilikishona siku nne, na sijapata kufanya kazi kama ile. Nilichonga mfereji katikati, kuanzia nyuma mpaka karibu na mbele, nikaujaza sponji laini kabisa isiyosukuma chochote. Nikapandisha kushoto kidogo, nikaushusha ukingo wa mbele, nikaweka chini tabaka la jeli la kumeza matuta. Shida haikuwa hapo. Shida ilikuwa juu, kwa sababu mtu asiyehusika hakutakiwa kuona kitu. Nilinyoosha ngozi mara tano, nikaifumua mara nne, mpaka ikakaa bapa kama kiti cha mtu yeyote mwenye afya. Ule mchele sikuupika. Niliwatupia njiwa wa Digbeth, ambao hawakuuliza umetoka wapi.

Mzee alikuja kukichukua, akapanda, akakaa. Akakaa kweli. Niliona mabega yakimshuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Aliniangalia, nami nikaangalia vidole vyangu. Akaondoka, na kwenye taa nyekundu ya kwanza alingoja amekaa.

Wiki mbili baadaye, Birmingham ilikuwa inawaka. Mzee amebadilika. Ameonekana Handsworth anaendesha pikipiki amekaa, anatabasamu. Mama mmoja aliapa alisomesha amekaa kitako kwenye kiti cha jikoni. Wengine wakasema ni uzee, wengine wakasema dunia imempata, na kuna aliyesema kwa huzuni kwamba hivi ndivyo watu wema wanavyoanza kulegea. Mimi nilisikia yote hayo nikiwa msikitini natafuta viatu vyangu, nikanyamaza. Ilikuwa kazi nzito kuliko kushona.

Kisha mzee akaita kikao cha pili cha posa, na akaagiza niwepo. Hilo halifanywi. Mwenye kuposa anakaa kwake, anangojea simu, washenga wanakwenda. Mshenga wangu alikata tamaa kabisa. Akanipigia simu kuniambia nisiseme lolote, yeye atanielezea kama mtaalamu wa ngozi na uti wa mgongo. Nikamwambia akithubutu nitamshona mdomo.

Tulikaa sebuleni kwa mzee: mshenga, mjomba wangu wa usafirishaji, kaka wawili wa mzee, na mimi kwenye kiti cha pembeni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, na nilijua nani yuko nyuma yake. Alikuwa amenitumia ujumbe asubuhi. Just be honest with him, aliandika.

Mzee alikuwa amekaa. Alingoja kahawa iishe, akaniangalia.

"Kijana," akasema, "wewe ndiwe ulonitengezea kiti. Hebu waeleze hawa wazee. Kiti changu cha mwanzo kilikuwa na ila gani?"

Mshenga akanikonyeza kwa nguvu, akitaka nilete utaalamu. Nilimwelewa mzee vizuri sana. Alitaka kujua kama nimeona, na kama nimeona nimefanya nini na nilichokiona. Msichana aliniomba ukweli, naye alikuwa anasikiliza. Nikafikiri kwamba kama nikikosea sasa nitarudi kwenye chumba changu cha kupanga nikakae humo mpaka kufa.

"Sponji ilikuwa kuukuu, mzee," nikasema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Akatikisa kichwa polepole. Akawageukia mshenga na mjomba, na sauti yake ikawa ile ya kusomeshea. "Nyinyi mlikuja hapa mkanisifia mtu mwengine kabisa, na maneno yenu nnayakumbuka yote. Huyu hajanisifia kitu. Ndoa tutafunga mwezi ujao."

Mjomba akasoma dua kwa haraka, kabla mzee hajabadili mawazo. Mshenga mpaka leo anaamini alikubalika yeye, na kwenye harusi alinitambulisha kwa watu wa Leicester kama msanifu wa viti vya kitabibu. Ajabu ni kwamba safari hiyo hakukosea sana.

Mimi na mzee hatukulizungumza jambo lile hata siku moja. Kila mwaka alileta pikipiki nikague mishono, akasimama kwenye kona akisoma kalenda, nami nilitoka kununua maziwa. Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa saba wa ndoa yetu, kwa moyo, si kwa kitu kingine. Nilimpenda. Sikupata nafasi ya kumwambia, na yeye asingenipa.

Wale kaka zake wakaiuza pikipiki. Miezi michache baadaye akaingia karakanani mtu mmoja mnene, Mwingereza, amebeba kile kiti kwapani kama kuku aliyeibwa. Mke wangu alikuwa pale, ameniletea chakula. Yule bwana akakibwaga mezani akasema amekinunua na pikipiki ya mtumba, na hajapata kukalia kitu kibaya kama hiki maishani. Katikati kinazama, kushoto kimevimba. Aliyekitengeneza, akasema, alikuwa ama mlevi ama mwanafunzi. Kisha akaona alama yangu ndogo chini ya kiti, na mke wangu naye akaiona.

"Did you make that?" mke wangu akauliza. Akakigusa. "Is this Dad's?"

Nilikiangalia kile kiti. Mishono haikuwa imelegea hata mmoja. Kazi bora niliyowahi kuifanya ilikuwa imelala mezani inatukanwa, na utetezi wake wote ulikuwa mdomoni mwangu.

Nikasema ndiyo, ni cha Baba. Nikasema nilikuwa nimehangaika na posa siku zile, nikakosea kuchonga.

Mke wangu akacheka, halafu machozi yakamtoka, akasema maskini baba yake, kwa heshima yake alikikalia kitu kibovu miaka yote ile bila kulalamika. Yule bwana nikamshonea kingine, cha kawaida. Cha mzee nikakitundika ukutani. Tangu hapo mke wangu huisimulia hadithi hiyo kila tukipata wageni: jinsi mume wangu alivyomkosea baba kiti, na baba akamwoza hivyo hivyo. Wageni wanacheka. Nami nacheka nao, na nawaongezea chai.

Naandika haya kwa Kiswahili, na ninajua ninachofanya. Mke wangu anakisikia chote, lakini hajawahi kumaliza ukurasa wake mmoja. Jana alipita nyuma yangu akasoma kichwa cha habari kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa madrasa.

"Oh, that one," akasema, akanibusu utosini. "The wonky one."

Nikamwambia ndiyo, hicho hicho kibovu.